Wafalme wa Uajemi na Jina la Watu Wao

Mtu akitazama ramani ya bara Asia ataona, upande wa mashariki wa Mto Tigris, nchi kubwa yenye milima mirefu pembeni na jangwa la chumvi katikati. Kusini yake ni ghuba ambayo majahazi yamesafiri humo tangu zamani, yakishuka kwa upepo wa kaskazi mpaka pwani ya Afrika. Nchi hiyo Waswahili huiita Uajemi, na watu wake Waajemi. Jina hilo latoka kwa Waarabu. Kwao ajami ni mtu asiyesema Kiarabu, ambaye maneno yake hayafahamiki. Na kwa kuwa jirani zao wakubwa wa namna hiyo walikuwa watu wa nchi ile, jina likawashika hao kuliko wengine. Wayunani nao waliwaita kwa jina la jimbo moja tu la kusini, liitwalo Parsa, na siku hizi Fars, ulipo mji wa Shirazi. Mji huo watajwa katika hadithi za asili ya miji mingi ya pwani, na siku ya mwaka ambayo wazee wa pwani huiita Nairuzi ina jina la Kiajemi.

Basi majina hayo yote mawili ni majina ya kupewa na wengine. Wenyewe walijiitaje? Swali hilo laonekana dogo, walakini wafalme wao walilijibu kwa kuchonga majabali, na jibu lao halikuwa moja siku zote. Lilipobadilika, wako watu waliopata raha kwa ajili yake, na wako waliouawa.

Habari zaanza na Koreshi, ambaye jina lake limo katika vitabu vya Ezra na Isaya. Kwanza alikuwa mfalme wa Anshani, ufalme mdogo katika milima ya Parsa, na juu yake walikuwapo Wamedi wenye nguvu zaidi. Mwaka 550 kabla ya Kristo (K.K.) alimshinda Astyages, mfalme wa Wamedi, kisha akaishinda Lidia, nchi ya dhahabu, na mwaka 539 K.K. majeshi yake yaliingia Babeli. Mwaka 1879 watu waliokuwa wakichimba katika magofu ya Babeli waliona kipande cha udongo wa kuchomwa, umbo lake kama pipa dogo, urefu wake kadiri ya shubiri moja, nacho kimeandikwa pande zote. Leo kimewekwa London. Maneno yake ni ya Koreshi, lakini lugha ni ya Wababeli. Na ndani yake mfalme hasemi ya kuwa mungu wa nchi yake ndiye aliyempa ushindi. Asema ni Marduk, mungu wa Babeli, aliyezitafuta nchi zote mpaka akampata yeye, mtu wa haki. Wayahudi waliokuwa uhamishoni mjini humo aliwapa ruhusa ya kurudi Yerusalemu na kulijenga hekalu, na katika amri iliyoandikwa katika kitabu cha Ezra asema ya kuwa ufalme wake amepewa na Mungu wa mbinguni wa Wayahudi. Kwa kila watu alisema maneno yao. Hakuna mahali alipowaambia Wababeli au Wayahudi wawe Waajemi. Wala katika kipande kile cha udongo hakujitaja kuwa Mwajemi. Alijiita mfalme wa Anshani, mwana wa wafalme wa Anshani, akahesabu baba zake mpaka mmoja aitwaye Teispes, akaishia hapo.

Aliyeona haja ya kusema zaidi alikuwa Dario, wala haja hiyo haikuwa ndogo, kwa maana Dario hakuwa mwana wa Koreshi. Cambyses, mwana wa Koreshi, aliyeiteka Misri mwaka 525 K.K., alikufa mwaka 522, na ufalme ukashikwa na mtu aliyesema ya kuwa yeye ni Bardiya, ndugu yake Cambyses. Dario na wakuu sita wenziwe walimwua mtu huyo. Kisha Dario akatangaza ya kuwa alikuwa mdanganyifu, kuhani jina lake Gaumata, na ya kuwa Bardiya wa kweli alikwisha kufa zamani. Labda ndivyo. Wako wataalamu wengi wanaodhani ya kuwa aliyeuawa alikuwa Bardiya mwenyewe, na uwongo ulikuwa upande wa pili. Iwayo yote, majimbo mengi yaliasi mara moja, na Dario asema ya kuwa katika mwaka mmoja alipigana vita 19 na kuwakamata wafalme 9.

Habari hizo alizichonga katika jabali la Behistun, juu ya njia kuu itokayo Babeli kwenda Ekbatana. Maandiko yako juu sana, kadiri ya mita 60 na zaidi toka chini, hata mpita njia hawezi kuyasoma. Mwaka 1847, Mwingereza Henry Rawlinson alipotaka nakala ya sehemu iliyokuwa ngumu kufikiwa, ilimbidi kumwajiri kijana Mkurdi apande ubavuni mwa mwamba kwa kamba na vijiti. Maneno yamechongwa kwa lugha tatu, Kiajemi cha kale, Kielami na Kibabeli, na nakala zake zilipelekwa majimboni. Moja, kwa lugha ya Kiaramu, imeonekana kusini ya Misri. Hapo Dario asema ya kuwa watu wanane wa jamaa yake walikuwa wafalme kabla yake, naye ni wa tisa, na babu yao wote ni Achaemenes. Koreshi naye yumo katika ukoo huo, asema Dario. Msomaji akumbuke ya kuwa Koreshi mwenyewe alipohesabu baba zake hakumtaja Achaemenes hata mara moja.

Kaburi la Dario lilichongwa katika jabali lingine, mahali paitwapo Naqsh-e Rostam, na hapo jibu lake ni kamili. Ajiita kwanza mtu wa mlango wa Achaemenes; kisha Mwajemi, mwana wa Mwajemi; kisha Mwaria, wa mbegu ya Waaria. Ni kama mtu atajaye kwanza nyumba yake, kisha kabila lake, kisha asili kubwa ambayo kabila lake ni tawi moja tu. Waajemi walikuwa watu wa Parsa, wenye makabila yao na milango yao. Waaria walikuwa wengi zaidi: Wamedi walikuwamo, na watu wa Baktria, na wengine wa mashariki, ambao lugha zao zilifanana kama zifananavyo lugha za Kibantu, na waliojua ya kuwa zimefanana. Katika maandiko ya Kielami ya Behistun, Ahura Mazda, mungu ambaye Dario alimshukuru kwa kila jambo, aitwa mungu wa Waaria.

Neno hilo Aria lilipatwa na msiba baadaye. Katika karne ya 19 watu wengine wa Ulaya walilichukua, wakaligeuza liwe jina la watu weupe wa kaskazini, wakidai ya kuwa ni bora kuliko watu wote. Na Wanazi waliotawala Ujerumani tangu 1933 mpaka 1945 walilitumia katika kuwaua Wayahudi mamilioni. Dario hakujua lolote la namna hiyo. Kwake lilikuwa jina la asili na la lugha, wala halikuwa la rangi ya ngozi. Na Wayahudi ndio walioruhusiwa na wafalme wake kumaliza hekalu lao.

Juu ya mlango wa kaburi lile imechongwa sanamu ya mfalme akisimama juu ya kitu mfano wa kiti kikubwa cha enzi, nacho chachukuliwa na watu 30. Kila mmoja ni mtu wa nchi moja, na kila mmoja amevaa mavazi ya kwao: huyu kofia yenye ncha, huyu kanzu ndefu, huyu nguo ya kiunoni tu. Ili mtu asikosee, majina yao yameandikwa: huyu ni Mmedi, huyu ni Mbaktria, huyu ni Mkushi. Na maandiko yamwambia mtazamaji ya kuwa akitaka kujua nchi za Dario ni ngapi, awatazame hao wachukuao kiti, ndipo atakapojua ya kuwa mkuki wa Mwajemi umefika mbali. Jambo la kutazama sana ni hili, ya kuwa Mwajemi naye yumo miongoni mwa wachukuzi. Yeye ni wa kwanza, lakini achukua.

Hali ni nyingine katika Persepolis, mji wa kifalme ambao Dario alianza kuujenga karibu na mahali pale, na mwanawe Xerxes akauendeleza. Huyo Xerxes ndiye adhaniwaye kuwa Ahasuero wa kitabu cha Esta. Ngazi za ukumbi mkubwa zimechongwa wajumbe wa mataifa 23 wakileta zawadi. Waarmenia waleta farasi, Wahindi waleta vikapu juu ya mti wa begani, Waarabu waleta ngamia. Wa mwisho, pembeni kabisa, ni watu watatu wa Kushi, nchi iliyo kusini ya Misri. Mmoja amechukua pembe ya ndovu, na mwingine anavuta mnyama ambaye wataalamu wengine husema ni twiga na wengine husema ni okapi. Kila kundi laongozwa na mshika fimbo, ambaye amemshika mkono kiongozi wao kwa upole, kama mwenyeji amkaribishavyo mgeni. Washika fimbo hao ni Waajemi na Wamedi kwa zamu. Kundi la Waajemi waletao zawadi halipo, kwa sababu Parsa haikutozwa kodi kama nchi nyingine. Kuwa Mwajemi kulikuwa heshima, na tena kulikuwa faida.

Jumba la Dario la Shushani lina maandiko yasemayo kila kitu kilitoka wapi. Miti ya mierezi ililetwa toka Lebanoni, dhahabu toka Sardi na Baktria, feruzi toka Khorasmia, fedha na mpingo toka Misri, pembe za ndovu toka Kushi na Bara Hindi. Waliochonga mawe walikuwa Wayunani na watu wa Sardi. Waliofua dhahabu walikuwa Wamedi na Wamisri. Waliochoma matofali walikuwa Wababeli. Mfalme mwingine angalijisifu ya kuwa watu wake wanajua kazi zote. Dario alijisifu ya kuwa watu wote wanamfanyia kazi.

Katika mji huohuo wa Shushani, mwaka 1972, wachimbaji waliona sanamu kubwa ya Dario iliyofanyizwa Misri. Kichwa hakipo. Mfalme amevaa kanzu ya Kiajemi yenye marinda, lakini amesimama kama wasimamavyo Mafarao, mguu mmoja mbele, na katika kanzu yake yamo maandiko ya lugha nne, pamoja na picha za herufi za Kimisri. Herufi za Kimisri zamsifu kwa miungu ya Misri. Maandiko ya Kiajemi yasema ya kuwa sanamu imefanyizwa ili kila aionaye ajue ya kuwa Mwajemi aliishika Misri. Sanamu ni moja, na kila msomaji ameambiwa neno lake.

Hata katika kazi za serikali lugha ya Waajemi haikulazimishwa. Barua za maliwali ziliandikwa kwa Kiaramu, lugha ya watu walioshindwa, kwa kuwa ndiyo iliyojulikana na wengi toka Misri mpaka mashariki. Na mabamba ya udongo yaliyopatikana Persepolis mwaka 1933, yenye hesabu za nafaka na divai na ujira wa wafanya kazi, karibu yote ni ya Kielami. Kiajemi cha kale kilikuwa lugha ya kuchongwa katika mawe ya mfalme. Kitabu cha Esta chakumbuka desturi hiyo, maana chasema ya kuwa barua za mfalme zilipelekwa kila jimbo kwa mwandiko wake, na kila taifa kwa lugha yake.

Je, Waajemi wenyewe walijitenga namna gani na wengine? Herodoto Myunani, aliyezaliwa katika mji uliokuwa chini ya mfalme wa Uajemi, ameandika mambo mengi juu yao. Asema ya kuwa watoto wao wa kiume, tangu umri wa miaka 5 mpaka 20, walifundishwa mambo matatu tu: kupanda farasi, kupiga upinde, na kusema kweli. Asema tena ya kuwa Mwajemi atoapo dhabihu hana ruhusa kujiombea mema yeye peke yake. Huwaombea Waajemi wote na mfalme wao, naye mwenyewe huhesabiwa ndani yao. Walijiona kuwa bora kuliko watu wote, na baada yao wale waliokaa karibu nao, na kadiri watu walivyokaa mbali ndivyo walivyowadharau. Walakini hakuna watu, asema Herodoto, waliokuwa wepesi kuiga desturi za wageni kama wao. Walivaa mavazi ya Kimedi kwa sababu waliyaona mazuri kuliko yao.

Haifai kudhani ya kuwa ufalme huo ulikuwa wa upole mtupu. Mataifa yaliachiwa lugha zao na miungu yao maadamu walileta kodi. Fravartish, Mmedi aliyeasi na kujiita mfalme, alikatwa pua na masikio na ulimi, akang'olewa jicho moja, akafungwa mlangoni pa mfalme ili watu wote wamwone, kisha akauawa Ekbatana. Dario mwenyewe ndiye aliyeyaandika hayo, bila haya.

Mwaka 330 K.K. Alexander wa Makedonia aliichoma moto Persepolis, na ufalme wa nyumba ile ukaisha. Walitawala Wayunani, kisha Waparthi, zaidi ya miaka mia tano. Halafu mwaka 224 baada ya Kristo aliinuka tena mtu wa jimbo la Parsa, jina lake Ardashir, wa mlango wa Sasani, akamshinda mfalme wa mwisho wa Waparthi. Jina alilojiita si la Dario. Hakuona kutosha kuwa Mwajemi wa Parsa. Katika fedha zake alijiita mfalme wa wafalme wa Eran, yaani wa Waaria. Na mwanawe Shapuri wa Kwanza akaongeza maneno ya kuwa yeye ni mfalme wa Eran na wa wasio Eran. Hapo jina la asili ya watu lilianza kuwa jina la nchi na la dola. Ndilo jina Irani, ambalo mwaka 1935 serikali ya nchi hiyo iliwaomba mataifa ya nje walitumie badala ya jina walilolirithi kwa Wayunani.

Shapuri alipigana na Warumi, na mwaka 260 akamkamata Kaisari wao Valerian akiwa hai. Alihamisha watu wengi toka Antiokia na miji mingine ya Shamu, akawakalisha katika nchi yake, na wengi katika hao walikuwa Wakristo. Basi swali likawa jipya. Zamani za Dario mtu wa nchi nyingine alijulikana kwa kofia yake na zawadi yake. Sasa katika nchi ya Eran yenyewe walikuwamo watu wasioabudu kama mfalme, na makuhani wa dini ya Zarathustra, waliotunza moto mtakatifu, walikuwa na nguvu barazani. Mkuu wao mmoja, Kartir, alichonga maandiko ya kujisifu palepale Naqsh-e Rostam, chini ya makaburi ya wafalme wa kale. Asema ya kuwa katika ufalme walipigwa Wayahudi, Wabudha, Wabrahmani, Wakristo na wafuasi wa Mani, na mahali pao pa ibada pakaharibiwa. Katika maandiko ya Dario hakuna fahari ya namna hiyo.

Mambo yalizidi kuwa mabaya Makaisari wa Rumi walipoipokea dini ya Kikristo. Shapuri wa Pili, aliyetawala tangu 309 mpaka 379, alipokuwa na vita na Rumi aliwatazama Wakristo wa nchi yake kama watu wenye mwili Irani na moyo Rumi. Aliamuru watozwe kodi maradufu kwa ajili ya vita, na askofu Simeoni wa mji wa kifalme akaambiwa aikusanye. Simeoni alikataa, alisema ya kuwa watu wake ni maskini, na yeye si mtoza kodi. Katika miaka ile ya 340 aliuawa, na wengi pamoja naye, na mateso yakaendelea mpaka mwisho wa enzi ya mfalme huyo.

Lakini hata hapo jibu halikukaa. Mfalme Yazdegerd wa Kwanza, ambaye makuhani wa moto walimpa jina la Mwenye Dhambi, aliwapa Wakristo ruhusa ya kukutana, na mwaka 410 maaskofu wao walikusanyika katika mji wa kifalme, wakatengeneza kanuni za kanisa lao, wakamwombea mfalme. Mwaka 424 walikusanyika tena, wakaamua ya kuwa hukumu ya askofu wao mkuu haitapelekwa tena mbele ya maaskofu wa magharibi. Walibaki Wakristo, nao wakaonyesha ya kuwa si watu wa Kaisari. Tangu hapo vikapita vipindi vya raha na vipindi vya shida, kama alivyotaka mfalme wa wakati.

Ufalme wa Wasasani ulianguka mbele ya majeshi ya Waarabu Waislamu. Yazdegerd wa Tatu, mfalme wa mwisho, aliuawa karibu na Marv mwaka 651, naye mkimbizi. Watu wa nchi nyingine zilizotekwa wakati ule, kama Misri na Shamu, polepole waliacha lugha zao wakasema Kiarabu. Waajemi wengi waliingia katika Uislamu, lakini lugha yao hawakuiacha. Waliiandika kwa herufi za Kiarabu, nayo ikaendelea kuwa lugha ya mashairi na ya mabaraza. Habari za wafalme wao zilikuwa zimekusanywa mwisho wa enzi ya Wasasani, na karibu na mwaka 1010 Firdausi wa mji wa Tus alimaliza utenzi mrefu wa wafalme hao, uitwao Shahnama, wenye beti kadiri ya 50,000.

Katika utenzi huo asili ya Irani yaelezwa kwa hadithi. Feriduni, mfalme wa dunia nzima, aliwagawia wanawe watatu nchi zote: Salm alipata magharibi, Tur alipata Turani na mashariki, na Iraj, mdogo wao, alipata Irani, iliyo katikati na iliyo bora. Kaka zake walimwonea wivu. Iraj aliwaendea bila silaha, akiwa tayari kuwaachia taji ili udugu ubaki, nao wakamwua. Toka hapo zikaanza vita vya Irani na Turani. Katika hadithi hiyo adui wa Irani si mgeni; ni ndugu aliyemwaga damu ya ndugu. Tena yumo Alexander, aitwaye Iskandari, yule aliyeichoma Persepolis. Watunzi wa hadithi hawakuvumilia kushindwa na mgeni, basi wakamfanya kuwa mwana wa mfalme wa Irani kwa mama wa Kiyunani, ili aliyekiteka kiti aonekane kuwa alikuwa na haki nacho. Dario aliyechonga Behistun angalifahamu hila hiyo upesi.

Dario huyo, walakini, hayumo katika utenzi, wala Koreshi hayumo. Walikuwa wamesahauliwa katika nchi yao wenyewe. Magofu ya Persepolis watu waliyaita Kiti cha Jamshidi, kwa jina la mfalme wa hadithi. Na sanamu za Naqsh-e Rostam walizidhani kuwa picha za shujaa Rustamu, ndiyo sababu ya jina la mahali pale. Herufi zilizochongwa, zenye umbo la kabari, hakuna aliyeweza kuzisoma, Mwajemi wala mgeni. Mwaka 1765 Carsten Niebuhr, aliyetumwa na mfalme wa Denmark, alizinakili katika Persepolis kwa uangalifu mkubwa, na nakala zake zikapigwa chapa.

Mwaka 1802 zilifika mikononi mwa mwalimu wa shule wa mji wa Göttingen, Georg Friedrich Grotefend. Yeye hakujua lugha ya kale ya Waajemi. Alilolijua ni kwamba wafalme wa Uajemi walipenda kujitaja kwa desturi moja: fulani, mfalme mkuu, mfalme wa wafalme, mwana wa fulani. Basi akatafuta maneno yaliyorudiwa. Akaona mfalme mmoja aliye mwana wa mfalme, na mfalme mwingine aliye baba yake huyo. Lakini baba wa huyo wa pili ametajwa bila neno la ufalme. Grotefend akawapitia wafalme wote wa nyumba ile, akitafuta mfalme ambaye baba yake hakutawala na mwanawe alitawala. Jina lililofaa lilikuwa moja. Alikuwa Dario, baba wa Xerxes na mwana wa Hystaspes, aliyekuwa liwali tu wala si mfalme.